Mstari Mwekundu Usiopinda

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, tik, tik, tik, na nje bado giza. Mama mkwe wa Inspekta alikuwa ameamka kabla ya wote, kama alivyozoea tangu mkaza mwanawe aanze kazi ya upelelezi, ili asitoke nyumbani na tumbo tupu. Alikuja sebuleni akiburuta kandambili, akaweka kikombe mbali kidogo na kompyuta, akasimama nyuma ya kiti.

"Umeshaitazama mara ngapi hiyo?"

"Kumi na moja, mama."

"Na kila mara anakatwa?"

"Kila mara."

"Basi ifunge unywe chai. Hataota vidole kwa wewe kumkodolea macho."

Inspekta alikunywa chai, lakini hakuifunga. Video ilikuwa ya sekunde tisa, imepigwa kutoka juu. Ilionyesha meza ya kukatia ngozi, ngozi nyeupe imetandazwa, na mikono miwili yenye glavu za njano ikisogeza visu vya umbo la viatu. Kuizunguka kazi yote palikuwa na fremu ya mwanga mwekundu. Sekunde ya sita bamba la chuma linaingia kutoka upande na kushuka. Sekunde ya saba Inspekta alikuwa haitazami tena.

Mezani palikuwa na faili. Ndani yake mambo yalikuwa machache na yote yalielekea upande mmoja. Katika kiwanda hicho cha viatu watu hufanya kazi wawili wawili. Anayepanga visu juu ya ngozi huitwa mkono, na anayekanyaga pedali ya kushusha bamba, linaloshindilia visu vikate ngozi, huitwa mguu. Juu ya meza, kwenye bomba la chuma, zimefungwa kamera na projekta. Kamera inaitazama ngozi, kompyuta inatafuta makovu na matundu, kisha projekta inachora kwa mwanga, juu ya ngozi ile ile, mahali pa kuweka kila kisu. Mikono ikiwa ndani, fremu inakuwa nyekundu. Mikono ikitoka, inakuwa kijani, mwanga wa kijani unafurika ngozi yote iliyo ndani yake, na mguu anakanyaga.

Siku tano zilizopita, mkono alipoteza vidole vinne vya kulia. Nyumbani kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho. Aliyekanyaga pedali alikuwa mke wa kaka yake, yaani wifi yake, na Wifi ndivyo wenzao wote walivyomwita. Na mashahidi watatu walikuwa wamewasikia asubuhi hiyo wakigombana chumba cha kubadilishia nguo, Wifi akisema, "Nitakukomesha!"

Fremu nyekundu, ugomvi, na mguu ulioshuka. Mkuu wa kituo alitaka faili liende kwa mwendesha mashtaka saa sita mchana wa siku hiyo, shtaka likiwa kujeruhi kwa kukusudia. Wifi angekwenda jela miaka mingi, na wanawe wangekua bila yeye.

"Kuna kitu kinaniudhi kwenye hii picha," Inspekta alisema, "na sikijui."

"Kitu gani cha kutoudhi hapo?" mama mkwe alijibu, akachukua kikombe kitupu.

*

Saa moja asubuhi alikuwa mahabusu. Askari wa kike wa zamu alimfungulia mlango, na Inspekta akaona kwamba sweta alilolivaa Wifi lilikuwa la askari mwenyewe. Alivuta kiti.

"Nitakuuliza tena, na leo sina muda wa kubembelezana. Fremu ilikuwa rangi gani?"

"Kijani."

"Video inasema nyekundu."

"Basi video na iapishwe, iwekwe kizimbani, mimi niiulize." Wifi alikuwa mwanamke mrefu, macho yamevimba, lakini sauti yake haikuwa imevimba hata kidogo. "Siku tano nasema kijani. Mnaniandikia nyekundu. Kwa nini mnaniuliza kama jibu mnalo?"

"Mligombana asubuhi ile."

"Tuligombana."

"Kuhusu nini?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama yake, mkwe wangu. Anakaa kwangu mwaka wa tisa. Kitinda akasema sasa ni zamu yake, atamchukua mwisho wa mwezi. Nikamwambia akimgusa mama, nitamkomesha."

Inspekta aliacha kuandika. "Kwa hiyo mlikuwa mnasukumiana mzigo?"

"Mzigo!" Wifi alisimama, askari akanyoosha mkono, Inspekta akamwashiria amwache. "Nani kakuambia mama ni mzigo? Kila mtu anamtaka! Yeye anamtaka na mimi namtaka. Hao mashahidi wenu walisikia 'nitakukomesha' wakakimbia kuja kusema, hawakungoja kusikia tunagombania nini. Mtu amkate mwenzake vidole kwa sababu wote wanampenda mama mmoja?"

Inspekta alichora mstari mmoja mrefu juu ya neno *sababu* kwenye daftari lake.

"Kaa. Nieleze sekunde ile. Usiniambie unavyofikiri. Niambie ulichoona."

Wifi alikaa. "Tunafundishwa kutazama rangi. Ukitazama mikono utachelewa, ndivyo wanavyosema, macho yako yatakudanganya, taa haidanganyi. Imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Alitoa mikono, fremu ikawa kijani. Nikaanza kukanyaga. Akakumbuka kisu kimoja kimekaa vibaya, akarudisha mikono. Rangi haikubadilika. Mguu ulikuwa umeshashuka ndipo nikaziona glavu zake. Zilikuwa kijani."

"Glavu ni za njano."

"Najua ni za njano, afande, nimezifua mimi. Lakini zilikuwa kijani, na ngozi kijani, na kila kitu kijani, kama kitu kimoja."

Inspekta aliandika hilo neno kwa neno. Kama fremu hugeuka nyekundu kila mikono inapoingia, basi hakuna siku ambayo mwanga wa kijani ungeweza kuangukia glavu. Mtu anayetunga uongo angesema tu kwamba fremu ilikuwa kijani. Asingehangaika kuongeza jambo la ajabu ambalo hakuna aliyemuuliza.

*

Sajini aliendesha gari. Alibakiza miezi mitatu astaafu, na maneno yake alikuwa akiyatumia kwa uangalifu, kama mtu aliyebakiwa na machache.

"Unaamini?" aliuliza.

"Naamini nataka kuiona hiyo meza."

Getini mlinzi aliwaandika kwenye kitabu, akawanong'oneza bila kuinua kichwa: "Viatu vya yule binti aliyekatwa nimevihifadhi. Walitaka kuvitupa. Mwambieni viko kwangu, visafi." Kisha akapaza sauti, "Pitieni kulia!"

Meneja aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya polepole. "Inspekta, pole sana kwa kazi. Sisi hapa ni familia. Jambo hili limetuumiza kama msiba. Chai? Hapana? Kiti basi."

"Nataka meza ifanye kazi. Kama siku ile."

"Bila shaka. Fundi!"

Fundi Taa alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, miwani imefungwa kwa uzi, macho yamezama kama ya mtu asiyelala. Yeye ndiye aliyetunza kamera na projekta zote za kiwanda. Alipita karibu na Inspekta bila kumtazama, akawasha kompyuta.

Chumba kilikuwa kirefu, na meza sita. Wafanyakazi walikuwa wameambiwa wasimamishe kazi kwa muda, lakini walibaki pembeni, wamekunja mikono. Ukutani kweli palikuwa na maandishi: MACHO HUCHOKA, TAA HAICHOKI. Inspekta aliyasoma mara mbili.

Sajini alijaza matambara ndani ya glavu ya njano mpaka ikafanana na mkono. Fundi alitandaza ngozi ya kahawia. Projekta ilichora maumbo ya viatu kwa mwanga mweupe, safi, yakizunguka kila kovu. Inspekta alilazimika kukiri moyoni kwamba ilikuwa kazi nzuri. Fremu ilikuwa kijani. Sajini alisukuma glavu ndani. Nyekundu. Akaitoa. Kijani. Akaingiza taratibu, akaingiza ghafla, akaingiza kidole kimoja tu. Kila mara nyekundu, papo hapo.

"Mnaona wenyewe," Meneja alisema. "Mashine haina kosa."

"Weka ngozi nyeupe," Inspekta alisema. "Siku ile ilikuwa nyeupe."

Fundi alisita. Meneja hakusita: "Weka."

Ngozi nyeupe ilitandazwa. Glavu ikaingia. Nyekundu. Mtu mmoja kule pembeni alipumua kwa nguvu, na Inspekta akajua wote walikuwa wanatumaini kama yeye. Meneja alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Inspekta hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa uso wake ukiwa usawa wa meza, akaitazama glavu iliyolala ndani ya fremu nyekundu. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka Meneja akaanza kukohoa kidogo kidogo.

"Fundi, njoo hapa. Huu mstari wa fremu unapita juu ya ngozi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ukifika kwenye glavu unafanya nini?"

Fundi alirekebisha uzi wa miwani.

"Sajini, wewe unaona nini?"

Sajini aliinama, magoti yakalia. "Unapanda. Ukigusa glavu unaruka pembeni, unapita juu yake, halafu unashuka tena kwenye ngozi. Umekatika sehemu mbili."

"Kwa nini?"

Fundi alijibu taratibu, akitazama sakafu. "Kwa sababu projekta haikai palepale kamera ilipo. Mwanga unakuja kwa mshazari. Ukiangukia kitu kilichoinuka, kamera inauona umehama. Hata penseli ukiiweka, mstari utavunjika."

Inspekta aliweka penseli. Mstari ukavunjika. Kwenye kioo cha kompyuta ya Fundi, ambacho kilionyesha kile kamera inachokiona, mstari ulivunjika vilevile.

Basi akafungua kompyuta yake mwenyewe, akaiweka juu ya ngozi nyeupe, mbele ya watu wote, na akacheza video ile kwa mara ya kumi na mbili. Aliisimamisha sekunde ya tano. Mikono miwili ndani ya fremu. Mstari mwekundu ulipita juu ya ngozi, ukapita juu ya viganja viwili vya Kitinda, ukapita juu ya kisu kilichosimama kimo cha kidole, ukaendelea. Haukupanda wala haukushuka. Ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Ndicho kilichokuwa kinaniudhi," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Sajini, aliyemjua miaka ishirini, alisogea nyuma hatua moja. "Huu mwanga haukuwahi kugusa mikono ya yule binti. Huu umechorwa juu ya picha."

Meneja alicheka kidogo. "Ah, Inspekta, hilo ni jambo la kawaida. Kompyuta huchora alama kwenye rekodi, ili wasimamizi waone vizuri—"

"Video ya sekunde tisa. Ajali ilitokea saa nne asubuhi. Mmeileta kituoni kesho yake jioni. Sekunde tisa zimesafiri siku nzima na nusu. Zilikuwa zinapitia wapi?"

"Kulikuwa na taratibu—"

"Fundi. Nani alichora?"

Fundi aliitazama mikono yake.

"Kijana wangu, kuna mwanamke amelala sakafuni siku tano. Ana watoto. Nina mpaka saa sita. Nani alichora?"

"Mimi," Fundi alisema.

Mmoja wa wanawake pembeni alitoa sauti kama aliyechomwa. "Wewe! Wewe uliyekuja kuchangisha pole!"

"Aliniambia nisafishe kijani chote, nichore nyekundu!" Fundi aligeuka, na sasa hasira yake nayo ilitoka, yote kwa pamoja. "Alisimama nyuma ya kiti changu! Aliniambia, ukichora, una kazi. Usipochora, ni wewe uliyemkata, nitasema ulicheza na mashine. Na ni kweli nilicheza nayo! Ni kweli!"

"Mtu huyu hajielewi," Meneja alisema.

"Nyamaza," Inspekta alisema bila kumtazama. "Ulifanya nini kwenye mashine?"

Fundi alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo.

"Projekta yetu hupepesa. Ni haraka mno, watu wengi hawaoni. Inawaka, inazimika kidogo sana, inawaka. Video ya kumbukumbu kamera inaipiga mwanga ukiwa umewaka, lakini picha ya kutafutia mikono inaipiga kwenye lile giza dogo, ili iione meza yenyewe, isiione rangi ambayo projekta imeimwaga. Lakini Kitinda alikuwa anaumwa kichwa. Kila siku. Alikuwa anatapika chooni halafu anarudi mezani. Akaniomba. Akasema, kaka, nifanyie hisani, hiyo taa inanipasua. Nikakuzima kule kupepesa kwenye meza yake. Kichwa kikapona. Alinishukuru mpaka nikaona haya."

"Na bila lile giza?"

"Kamera inaona meza ikiwa na rangi. Kwa ngozi ya kahawia hakuna shida, nilijaribu siku mbili. Glavu inaonekana. Lakini wiki ile zikaja ngozi nyeupe. Mwanga wa kijani juu ya ngozi nyeupe ni kijani. Juu ya glavu ya njano ni kijani pia. Kompyuta inatafuta glavu ya njano, haiioni. Inaona meza tupu."

*Kila kitu kijani, kama kitu kimoja.* Inspekta alifungua daftari, akamsomea Fundi maneno ya Wifi. Fundi alifunika uso.

"Uligundua lini?"

"Jioni ya kabla ya ajali. Nilijaribu kwa glavu tupu, fremu ikabaki kijani. Nikampigia Meneja palepale. Nikamwandikia pia. Nikamwambia meza ya Kitinda, ile ya nne, isiwekewe ngozi nyeupe asubuhi mpaka nirudishe kupepesa na kuipima upya. Saa mbili tu zingetosha."

"Akajibu?"

Fundi alitoa simu, akampa. Inspekta alisoma kwa sauti, kila mtu asikie. "'Mzigo unaondoka kesho. Kazi iendelee. Wana macho.'"

Kisha yule mwanamke wa pembeni alinyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye maandishi makubwa.

"Wana macho," Inspekta alirudia. Alimgeukia Meneja sasa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alipaza sauti. "Umewafundisha miezi yote hiyo wasiyaamini macho yao! Umewabandikia ukutani! Halafu siku taa yako imepofuka, ukakumbuka kwamba wana macho! Na alipokatika mmoja, ukachukua wifi yake ukamtupa mahabusu, ukamchoreshea mstari mwekundu, ukaja kwangu na bahasha safi na barua ya pole. Familia! Familia gani hiyo?"

Meneja alifungua mdomo. Sajini alikuwa ameshatoa pingu.

"Utajibu kwa kuharibu ushahidi na kudanganya wapelelezi," Inspekta alisema, akirudisha pumzi yake mahali pake. "Hilo la vidole mwendesha mashtaka atalipatia jina. Fundi, picha ya kwanza iko wapi? Ile isiyochorwa."

"Aliniambia niifute."

"Nimeuliza iko wapi."

Fundi alifungua kifuko cha miwani. Chini ya kitambaa cha kupangusia palikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu. Kwenye kioo, sekunde ya tano ilionekana kama Wifi alivyoieleza: ngozi ya kijani, na juu yake vivuli viwili tu vilivyoonyesha palipokuwa na mikono. Mstari wa kijani ulipanda juu ya viganja, ukavunjika, ukashuka. Inspekta aliizima kabla ya sekunde ya sita.

Kisha alimfanya Fundi azime kule kupepesa alikokuwa amekurudisha baada ya ajali, huku Sajini akirekodi kwa simu, na glavu yenye matambara ikaingizwa juu ya ngozi nyeupe. Fremu ilibaki kijani. Walirudia mara tatu, wakaandika saa ya kila jaribio, na wafanyakazi wawili wakatia sahihi kama mashahidi.

"Na mimi?" Fundi aliuliza, walipokuwa wakitoka.

"Na wewe. Ulichora. Lakini hukufuta, na hilo nitaliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Panda gari la pili, usikae karibu naye."

*

Saa sita kasoro dakika kumi faili lilifika mezani kwa mwendesha mashtaka, likiwa na jina jingine juu yake. Saa nane Wifi alitoka mahabusu. Alilirudisha lile sweta kwa askari wa zamu, likiwa limekunjwa vizuri, na askari akamwambia, "Nenda nalo, nje kuna upepo."

"Nyumbani?" Sajini aliuliza akiwasha gari.

"Hospitali," Wifi alisema.

"Hakutaka kukuona," Inspekta alimkumbusha. "Alimwambia muuguzi ukifika mlangoni akuitie walinzi."

"Basi waniitie nikiwa mlangoni."

Kitinda alikuwa ameegemea mito miwili, mkono wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko kama kifurushi. Alipomwona Wifi aligeuza uso ukutani. Muuguzi, bila kuambiwa, alivuta pazia ili wagonjwa wengine wasitazame, akaondoka akiufunga mlango polepole.

Inspekta alieleza kila kitu kwa maneno mepesi. Alieleza lile giza dogo, ngozi nyeupe, jibu la Meneja, na mstari uliochorwa. Wifi alibaki amesimama miguuni pa kitanda. Kitinda hakugeuka mpaka aliposikia habari ya kupepesa.

"Mimi ndiye niliyemwomba aizime," alisema.

"Najua."

"Kumbe mimi."

"Wewe uliomba kichwa kipone," Inspekta alisema. "Yule aliyeambiwa kuna hatari, akasema kazi iendelee, yuko kwangu, nimemfungia. Usimfanyie kazi yake ya kutafuta wa kumlaumu. Kaifanya vya kutosha."

Kitinda alijiinua kidogo kwenye mito. "Siku tano," alisema, "nimelala hapa nikimchukia huyu. Nimemchukia vizuri, nimempangia kila kitu. Sasa mnakuja mnaniambia nimchukie mtu mwingine, na pengine na mimi mwenyewe. Hasira yote hii niipeleke wapi?" Alitazama huku na huku. "Nipeni kitu nirushe."

Wifi alichukua kikombe cha plastiki kwenye kabati dogo, akamwaga maji kwenye beseni, akampa. Kitinda alikirusha kwa mkono wa kushoto. Alikuwa hajauzoea, kikombe kiliruka upande usio wake, kikagonga chuma cha kitanda, kikaanguka miguuni pa Inspekta.

"Hata kurusha siwezi!"

"Ngoja nikuokotee," Wifi alisema, akainama, akampa tena.

Mara ya pili kilifika ukutani. Mara ya tatu kilifika kwa kishindo. Muuguzi alichungulia, akaona kinachoendelea, akarudisha mlango.

Kitinda alilia sasa, bila sauti, na Wifi alisogea akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mkono mzima. Hakumgusa. Alikaa tu.

"Niliona kijani," Wifi alisema. "Ningeitazama mikono yako badala ya rangi, ningeona. Hilo ni langu. Sitakuambia si langu."

"Mama yuko na nani?"

"Jirani. Alikuja kunitazama mahabusu, anasema mama anamuuliza kila mtu uko wapi. Wamemwambia umesafiri."

"Amekubali?"

"Hajakubali hata kidogo. Anasema hakuna mtu anayesafiri bila kumuaga mama yake, basi huyo binti ama ameolewa ama amekufa, wamwambie moja."

Kicheko kilimtoka Kitinda kabla hajakizuia, kikakatika katikati kwa maumivu. Inspekta aliokota kikombe, akakirudisha kwenye kabati, akamweleza habari ya mlinzi na viatu, akaenda mlangoni. Saa za kutembelea wagonjwa zilikuwa zimekwisha. Kengele ililia ukumbini.

Wifi alisimama, akalivuta sweta mabegani. Alifika kwenye pazia.

"Wifi," Kitinda aliita.

"Abee."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nimekasirika sana, na wewe umo." Alijifuta uso kwa mkono wa kushoto, kwa shida. "Kesho uje tena. Uje mapema, ukae. Sijamaliza kukugombeza."